Waliyosema Mara ya Pili

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika Kisumu kwa Anti Debra. Nyumba yake iko Migosi, vyumba viwili, na kimoja kimejaa karatasi hadi kitanda changu kimesukumwa chini ya dirisha. Mvua ilianza nikiwa bado sijafungua begi.

Mama amenituma huku kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na chuo hakifunguliwi hadi Septemba, na kwa sababu Anti aliomba mtu wa kumsaidia kuandika. Anasomea shahada ya uzamivu. Utafiti wake ni juu ya wanawake wanaouza omena, dagaa wa ziwani, kule Usenge. Amerekodi sauti zao kwa muda mrefu, na sasa kila neno walilosema linatakiwa liwe kwenye karatasi.

Aliniambia jambo moja hata kabla ya chai. "Rosa, muda wangu chuoni unaisha tarehe thelathini Juni. Nisipokuwa nimetetea kazi yangu mpaka siku hiyo, jina langu linafutwa. Miaka sita inapotea. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Kisha nikaona haya, kwa sababu nilikuwa nikitabasamu. Kwetu, mtoto akikataa kusoma anaonyeshwa Anti Debra. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu kama yeye anaweza kufutwa.

Jumatano, 12 Machi

Kazi ni hii: nasikiliza kidogo, nasimamisha, naandika Kijaluo kama kilivyosemwa. Baadaye Anti anakigeuza Kiingereza.

Nilidhani nitasikia maswali na majibu. Nasikia ufuo mzima. Kuku, upepo, na ile sauti ya omena zikimwagwa juu ya wavu zikauke. Anti hakuwakalisha wanawake kwenye viti. Alikunja nguo akaanika omena pamoja nao, na simu ikirekodi mfukoni mwa aproni, wote wakijua. Mama yake, yaani nyanya yangu, alizaliwa huko, kwa hiyo wanamwita nyar Yimbo, binti wa Yimbo, yaani wa eneo lile la Usenge. Humo ndani Anti anacheka. Hapa nyumbani sijamsikia akicheka.

Leo nimemwandika Jacinta. Ana sauti nzito na haharakishi.

"Mashua ikifika, mvuvi anaangalia uso kwanza, halafu beseni. Ukimnyima anachotaka, kesho omena zako zimeenda kwa mwingine na watoto wanakuangalia tu. Sijamwambia mtu haya, hata dada yangu. Nakuambia wewe kwa sababu mikono yako inanuka kama yangu."

Ndiyo wanayoita jaboya. Mwanamke analala na mvuvi ndipo auziwe samaki. Nilikuwa nimelisikia neno hilo shuleni likitajwa kwa kicheko. Wakati wa chakula sikuweza kumtazama Anti usoni.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Sauti tu, kutwa.

Jumamosi, 22 Machi

Leo tumekwenda matangani Luanda Kotieno, kwa marehemu ambaye hatumjui.

Nieleze. Msimamizi wa Anti ni Profesa Opondo. Hajibu barua pepe. Simu yake inaita mpaka inachoka. Ukienda ofisini, karani anasema ametoka sasa hivi, na ametoka sasa hivi tangu mwaka jana. Lakini Profesa hakosi mazishi. Ni mtu mkubwa huku ziwani, na mtu mkubwa asipoonekana kwenye msiba watu hunung'unika. Kwa hiyo wanafunzi wake humtafuta huko.

Tulikwenda na Wakoli, mwanafunzi mwenzake Anti, mtu wa Bungoma mwenye mzaha na koti moja. Yeye husikiliza matangazo ya vifo redioni kila jioni.

"Wengine wanasikiliza kwa huzuni," aliniambia. "Sisi tunasikiliza kwa ratiba. Akifa mtu wa Seme, Prof yuko Seme. Akifa mtu wa Nyakach, vaeni gambuti."

"Wakoli, acha," Anti akasema. "Tuko kwa wafiwa."

"Nimeacha. Lakini wewe, umebeba sura ya nne au umebeba rambirambi?"

Alikuwa amebeba vyote viwili. Sura ya nne ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya leso. Tulipita kumtazama marehemu, mzee aliyevalishwa suti, na Wakoli akajifuta macho vizuri kuliko watu wa boma. Tulikaa kwenye hema hadi hotuba zikaisha. Ndipo Anti akainuka akamfuata Profesa kwenye magari, nami nyuma yake na mwavuli.

Ni mrefu, ana sauti ya kupendeza. "Debra! Umekuja kutuliza wenzako. Ubarikiwe sana."

"Asante, Prof. Nilikuwa nauliza juu ya ile sura..."

"Nimeiona. Nzuri. Iko mezani."

"Hiyo ni ya tatu, Prof. Ya nne ndiyo hii."

"Ooh! Vizuri. Unaenda vizuri." Akaipokea kwa mikono miwili, akampa dereva. Dereva akaiweka kwenye buti, juu ya gunia la mihogo.

Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga mwavuli. Anti alifurahi njia nzima. "Umeona? Ameichukua kwa mikono miwili."

Jumapili, 23 Machi

Kanisani. Mchungaji aliombea wasomi.

Alhamisi, 3 Aprili

Anti amenikasirikia. Kurasa nilizomaliza huwa naziweka mezani kwake, na kwa majuma zinafunikwa na karatasi nyingine. Leo ndiyo amezisoma kwa mara ya kwanza.

"Hapa analia. Mbona hukuandika analia?"

Nilimwambia niliona ni aibu kuandika machozi ya mtu mzima.

"Rosa, mtu akinyamaza unaandika amenyamaza. Akilia unaandika analia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

"Sikuambiwa, Anti."

"Nilidhani unajua."

Narudi mwanzo kabisa. Sikujibu, mimi si mtu wa kujibu. Lakini nilifikiri: mtu atajuaje?

Jumanne, 8 Aprili

Radi imepiga transfoma. Hakuna stima, hakuna kazi. Nimelala mchana kama paka.

Ijumaa, 11 Aprili

Wakoli amefika mlangoni akidondoka maji. "Debra, mama yake Prof amelala."

Anti alikaa. Alimsikitikia kweli, niliona. Kisha akasema, "Mwezi huu wote umeenda."

Alikuwa sahihi. Kufikia jioni wanafunzi wa Profesa walikuwa kamati. Wakoli ni magari na mahema. Anti ni karani, na yeye ndiye atakayetengeneza kile kijitabu cha mazishi chenye picha na wasifu wa marehemu. Hakuna aliyewalazimisha. Nilipomuuliza Anti ingekuwaje akikataa, alinitazama kana kwamba nimeuliza ingekuwaje akiacha kupumua.

Jumatano, 16 Aprili

Anti alimpelekea Profesa wasifu wa mama yake jana jioni. Leo asubuhi na mapema simu ikalia. Profesa mwenyewe! Alipiga mara ya pili tukinywa chai, na ya tatu Anti akiwa bafuni, nikapokea mimi.

"Mwambie ukurasa wa pili, Mama alibatizwa kabla ya kuolewa, si baada. Na hilo jina la shangazi yake liandikwe kamili. Na ile picha ya kisimani iwe kubwa. Umeandika?"

Baadaye dereva akaleta kurasa zenyewe. Kila mstari una alama ya kalamu. Amerekebisha koma. Pembeni ameandika "Sentensi hii haina uzito, jaribu hivi," na kweli alivyojaribu ni bora.

Anti alizipitia polepole, akarudia.

"Kumbe anajua kusoma," alisema.

Nilidhani ni mzaha. Lakini alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mazishi, Pap Onditi. Matope hadi magotini. Wakoli alisukuma magari ya wageni tangu asubuhi hadi koti lake moja likawa rangi ya barabara. Anti aligawa vijitabu, akapakua chakula, akawashikia wazee mikono wavuke mtaro. Kuna mgeni aliyemwita "we msichana wa chai". Ana miaka thelathini na tisa.

Profesa alipopewa kipaza sauti aliwaita wote wasimame mbele. "Hawa ni wanangu wa uzamivu," akasema. "Mtu akiniuliza nimefanya nini duniani, namwonyesha hawa." Watu wakapiga makofi. Alikuwa akilia. Nadhani aliamini kila neno.

Tulipokuwa tukikusanya viti alimjia Anti, kichwa kimenyolewa kama ilivyo desturi ya msiba. "Debra, umenizikia mama. Semina yako ni tarehe ishirini na moja Mei. Nimeshaongea na mwenyekiti wa idara. Ukipita hapo, utetezi ni Juni."

Anti alimshukuru mpaka nikaangalia pembeni.

Jumatatu, 5 Mei

Wakoli amekuja kuaga. Amepata kazi ya kufundisha sekondari kwao. Anti alimwambia avumilie, naye semina yake itakuja.

"Mimi nimeongezewa muda hadi wa kuongezea umekwisha," alisema. "Debra, mtu akizama ziwani watu hupiga mayowe. Sisi tunazama tukiambiwa unaenda vizuri." Kisha akanigeukia. "Na wewe mdogo, ukifika huko chuoni uliza. Uliza hata kama ni ujinga. Sisi tulijiona werevu mno hata tusiulize."

Hakuwa akicheka.

Ijumaa, 16 Mei

Anti anafanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo. Mimi ndiye jopo. Ninakaa kitandani naambiwa nikunje uso.

Jumatano, 21 Mei

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Semina ilikuwa kwenye chumba cha ghorofa ya juu, mvua ikipiga bati hadi ilibidi watu wainue sauti. Nilikaa nyuma karibu na mashine ya kurusha picha ukutani, kazi yangu ikiwa kubonyeza Anti akinitazama. Mbele walikaa wanajopo watano. Profesa Opondo alikuwa katikati, anatabasamu kama baba wa bibi harusi.

Anti alisema vizuri. Mwanzoni sauti ilikwama, kisha akafika kwa Jacinta, ambaye kwenye tasnifu hana jina, na chumba kikatulia. Aliposoma yale maneno ya mikono inayonuka, mzee mmoja alivua miwani. Nilijivuna, kwa sababu niliyaandika mimi.

Maswali yakaanza. Mengi yalikuwa mepesi. Kisha akazungumza mwanamke aliyevaa buibui, Daktari Zamzam, aliyetoka kitivo kingine. Ana sauti ya taratibu.

"Kazi hii imenigusa, Debra. Nina jambo dogo. Kibali cha kamati ya maadili ni cha tarehe gani? Sikukiona kwenye viambatisho."

Anti alisema, "Kibali cha utafiti?"

"Cha kuhoji watu. Mambo haya ni mazito. Mtu anaweza kudhurika kwa kuyasema. Huwezi kuanza kabla kamati haijakuruhusu."

Anti akamgeukia Profesa. Watu wote wakamgeukia Profesa.

"Debra," akasema, "hukuomba?"

"Prof, uliniambia niende Usenge nianze."

"Ndiyo, nilisema uanze. Lakini mambo ya kibali... nilidhani unajua."

Nilijua maneno hayo. Nilikuwa nimeyasikia nyumbani, kwa sauti nyingine. Nilimtazama Anti nione kama naye ameyakumbuka, lakini uso wake haukuwa na mtu.

Walitutoa nje wakajadiliana. Tulipoitwa, mwenyekiti wa jopo alisoma uamuzi. Kazi ni nzuri, miongoni mwa bora walizosikia. Lakini mahojiano yaliyofanywa bila kibali hayawezi kutumika, hata moja. Rekodi zote zifutwe ili kuwalinda wale wanawake. Kibali kiombwe sasa, wanawake waulizwe upya kwa utaratibu, na kwa kuwa maandishi mengine yako tayari, jopo litakubali kukaa tena kabla ya tarehe thelathini Juni. Mwenyekiti alisema hilo kama zawadi.

Kwenye ngazi, Daktari Zamzam alitufuata. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nisamehe. Nisingeuliza mimi, angeuliza mtahini wa nje, na hapo usingepewa nafasi nyingine. Lakini mwaka wa kwanza, hakuna aliyewaeleza?"

"Tulipewa jina la msimamizi," Anti akasema. "Tukaambiwa tumtafute."

Alhamisi, 22 Mei

Hajatoka chumbani.

Ijumaa, 23 Mei

Uji wa asubuhi niliukuta palepale jioni.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua. Nimesikiliza mlangoni kama anapumua. Nimempigia Mama, kisha nikashindwa kueleza ni nini hasa kimetokea. "Kwani amefeli?" Mama akauliza. Hajafeli. Hiyo ndiyo shida, Mama. Hajafeli.

Jumapili, 25 Mei

Profesa amekuja nyumbani. Sikuamini nilipofungua mlango. Aliinama chini ya nguo zilizoanikwa sebuleni akakaa kwenye kiti changu. Anti alitoka amejifunga leso, nywele hazijachanwa, akakaa mbali naye.

Nilitaka kumchukia. Nilikuwa nimejiandaa. Lakini nywele za msiba ndiyo kwanza zinaanza kuota, na alishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto.

"Kibali nitakifuatilia mwenyewe," alisema. "Najua watu kwenye kamati. Kitatoka haraka. Wewe jitayarishe kwenda Usenge."

Anti alikaza fundo la leso.

"Debra, mimi huko nilikosomea, msimamizi wangu hakuwahi kujua mada yangu. Alikuwa akiniita jina la Mghana mmoja. Nilitupwa kwenye maji, nikaogelea. Nikasema basi, ndivyo inavyofanywa. Mtu hulea vile alivyolelewa."

"Prof, ulisoma ile sura ya nne?"

Alitazama chai. "Nitaisoma."

"Ungeisoma ungeona. Tarehe zote za mahojiano ziko ukurasa wa kwanza."

Alikoroga chai. Kisha akaomba sukari. Nilimpa. Alipoondoka, Anti alikula wali wote uliokuwa kwenye sufuria, amesimama.

Jumanne, 3 Juni

Kibali hakitolewi mpaka tuthibitishe kwamba rekodi zimefutwa. Anti aliweka kompyuta mbele yangu. "Futa wewe. Mimi siwezi."

Nilifuta moja moja. Nilikuwa nazijua zote kwa kikohozi. Kuna mmoja anayeimba kidogo kabla ya kujibu. Kuna mwenye mtoto anayeomba maji. Jacinta nilimwacha wa mwisho. Nilitaka kumsikiliza mara moja tu, lakini Anti alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema kwa upole, "Usifungue, Rosa."

Kurasa nilizopiga chapa tulizichoma uani kwenye karai. Karatasi zilikuwa na unyevu, zikachukua muda.

Jumatano, 4 Juni

Sikufanya lolote.

Alhamisi, 12 Juni

Usenge. Kibali kimetoka, na kina masharti. La kwanza ni kwamba mtafiti apitie kwa uongozi wa ufuo. Mara ya kwanza Anti hakupitia kwa mtu. Alifika tu, akashika wavu.

Mwenyekiti wa ufuo anaitwa Dalmas. Ni mtu mcheshi, ana tumbo na kofia nyeupe, na mashua tatu kati ya zile zilizovutwa mchangani ni zake. Aliisoma barua yetu kwa sauti mbele ya kila mtu, pamoja na mahali palipoandikwa "mahusiano kati ya wavuvi na wanunuzi wanawake". Hapo alikohoa, wanaume kwenye mashua wakacheka.

"Mwalimu, karibu sana. Nimekutengenezea kila kitu."

Kweli alitengeneza. Wanawake walikuwa wameitwa waache kazi. Walikaa kwenye banda la kupimia samaki, kwenye viti vya plastiki, wamevaa nguo za kanisani. Mikono yao ilikuwa imeoshwa. Nilizitafuta sauti ninazozijua kwenye nyuso nisizozijua, na sikuweza kuzioanisha hadi mwanamke mmoja mwembamba akatusalimu "oyawore" kwa sauti nzito. Nilidhani Jacinta ni mnene.

Anti aliwaeleza haki zao kama ilivyoandikwa. Anayetaka kukataa akatae. Majina hayatatajwa. Kila mmoja atahojiwa peke yake. Wakasema sawa, wakatia sahihi au kidole.

Dalmas alivuta kiti akaketi mlangoni, mgongo kwetu, akaanza kushona wavu.

"Mwenyekiti," Anti akasema, "tunaomba tuwe na mama mmoja mmoja, faragha."

"Niko hapa tu. Hata siwasikii."

"Masharti yanasema..."

"Mwalimu, barua inasema upitie kwangu. Umepitia. Sasa niende wapi, na ufuo ni wangu?" Alicheka bila kugeuka. Sindano ya wavu haikusimama.

Anti alihamisha viti hadi kona ya mbali. Ni banda. Hakuna kona ya mbali.

Jacinta alikuwa wa tatu. Alikaa wima, mkoba mapajani. Simu ilikuwa mezani kati yao, taa nyekundu inawaka.

"Mama Jacinta, unaweza kunieleza jinsi mwanamke anavyopata omena hapa ufuoni?"

"Tunanunua vizuri. Tuna chama. Tunamshukuru mwenyekiti."

"Na jaboya?"

"Jaboya? Hiyo ilikuwa zamani. Hapa hakuna."

"Jacinta." Anti aliinamisha kichwa, akashusha sauti. "Tulipozungumza mara ya kwanza..."

"Mara ya kwanza gani, mwalimu?"

Hakumwita nyar Yimbo. Hakuna aliyemwita hivyo leo. Nje mtu alimwaga omena juu ya wavu na nikataka kulia, kwa sababu niliijua sauti hiyo.

Walisema vilevile wote. Yule wa kuimba hakuimba.

Tukiwa tunafunga mifuko, Jacinta alinijia nilipokuwa nasubiri Anti kando ya maji. Alinitazama kutoka viatuni hadi usoni.

"Wewe ndiye unayemwandikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Yale ya zamani yako wapi?"

"Yamefutwa."

"Yote?"

"Yote. Na karatasi tulichoma."

Aliangalia ziwa. Nilidhani atafurahi kwamba yuko salama. "Ilinichukua mwaka mzima kumwambia," alisema. "Mwaka mzima, nyathina, mwanangu. Nikaambiwa itasaidia wasichana kama wewe." Akarekebisha kitambaa chake cha kichwa akarudi kwa wenzake, kwa sababu Dalmas alikuwa akitutazama.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeanza kuandika. Ni kazi rahisi. Hakuna anayelia.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwambia Anti. Sijawahi kumwambia mtu mzima jambo kama hili. Nilisema, "Anti, hawa wanasema uongo na wewe unajua. Mwambie Daktari Zamzam. Mwambie kwamba Dalmas alikaa mlangoni."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Nikimwambia, atasema nirudi tena, na atakuwa sahihi. Juni inaisha, Rosa."

"Lakini si kweli."

"Nitaandika walichosema. Nilichosikia sina ruhusa nacho." Akachukua kurasa zangu mezani, kwa mara ya kwanza siku ileile nilipoziweka. "Umeandika vizuri sana. Umekuwa mwepesi."

Nilikuwa nimengoja tangu Machi aniambie hivyo.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeitwa chuo, ualimu. Anti alisema hongera, akarudi kwenye kompyuta.

Jumatatu, 23 Juni

Profesa amesoma tasnifu nzima. Alisema atasoma, na amesoma. Kurasa zimerudi na kalamu kila mahali, koma na maelezo ya pembeni, kama zile za wasifu wa mama yake. Kwenye sura ya nne mpya ameandika: "Safi. Sasa hii inasimama."

Ijumaa, 27 Juni

Mvua imekatika. Jopo limekaa, Anti amepita.

Haikuchukua muda. Aliyasema matokeo kwa utulivu, bila kukwama. Utaratibu ulifuatwa. Viambatisho viko kamili. Daktari Zamzam alifunua nyuma na mbele, akauliza swali moja tu. "Mara hii ni tofauti sana na tuliyosikia Mei. Una uhakika nayo?"

"Ndivyo walivyosema," Anti akajibu.

Daktari Zamzam alimtazama, kisha akatia sahihi. Profesa alimkumbatia Anti mbele ya watu wote. Alikuwa akilia tena, na tena nadhani alimaanisha. Alisema mwezi ujao anampa wanafunzi wawili awasimamie.

Jioni Mama alipiga simu, kisha wajomba, kisha Wakoli, ambaye alipiga vigelegele kama mwanamke. Anti alimjibu kila mtu "asante", kwa sauti ya namna moja.

Kumebaki marekebisho madogo. Mojawapo ni ule muhtasari wa mbele kabisa, ambao ndio watu wengi husoma wakaishia hapo. Macho ya Anti yalikuwa yamechoka, kwa hiyo alilala kwenye kochi akanitamkia na mimi nikapiga chapa. Tulipofika kwenye matokeo akasema, "Wanawake wote waliohojiwa walieleza kwamba jaboya haipo tena katika ufuo huu."

Vidole vilisimama. Nilimwuliza kama tuweke kwamba walihojiwa mwenyekiti wa ufuo akiwa pale. Ni maneno machache tu, nilisema, yanatosha kwenye mstari huohuo.

Alijifunika macho kwa mkono.

"Nafasi imejaa," akasema. "Endelea."

Nikaendelea.